Lipa Deni, Hoji Faini



Mwezi huu katika safu yetu tunazungumzia jambo ambalo huenda baadhi yenu mtashangaa kulikuta katika gazeti la familia ya Kikristo. Ni gharama anayotozwa mtu anapotaka kuiacha kampuni moja ya simu na kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha. Wengine huiita faini ya kuvunja mkataba. Tumeona tuizungumze kwa sababu simu siku hizi ni sehemu ya kuendesha nyumba. Kwa simu tunapokea fedha ya maziwa na ya parachichi, tunalipa ada za shule, tunachangia msiba, na tunapata habari za watoto walioko Mbeya na Dar es Salaam. Fedha inayopotea kwenye simu imetoka kwenye kapu lile lile la sabuni, daftari na dawa.

Nchi yetu ya Rungwe ni ya milima na mabonde. Mtandao unaoshika vizuri pale Tukuyu mjini unaweza usishike kabisa nyumbani kwako bondeni, na ule unaosifiwa na jirani wa juu ya kilima unaweza kuwa bure kwako uliye ng'ambo ya kilima hicho hicho. Sisi wa Masoko tunalijua hilo. Kwa hiyo kutaka kuhama mtandao si tamaa wala kigeugeu. Mara nyingi ni haja ya kweli. Swali ni hili: unapohama, unadaiwa nini kwa haki, na nini unaweza kukataa kulipa huku dhamiri yako ikiwa safi mbele za Mungu?

Yaliyompata mama mmoja

Mama mmoja wa kata yetu ya Masoko, ambaye hatutamtaja jina, wala kampuni hatutaitaja, alichukua simu janja kwa mkataba wa miezi 12. Kila mwezi alitakiwa kulipa shilingi 35,000. Katika hizo, shilingi 20,000 zilikuwa za kulipia simu yenyewe kidogo kidogo, na shilingi 15,000 zilikuwa za bando la kupiga na la intaneti. Simu ile ilifungwa isipokee laini ya kampuni nyingine mpaka mkataba uishe.

Miezi ya kwanza alivumilia. Lakini nyumbani kwake mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka. Wanunuzi wa maziwa walimpigia wasimpate, na mara mbili maziwa yake yalilala. Alipiga huduma kwa wateja mara nne. Kila mara aliambiwa tatizo linashughulikiwa. Mama huyu ana daftari la maziwa ambalo huandika lita za kila siku, na kurasa za nyuma za daftari hilo akaandika tarehe ambazo mtandao haukushika na tarehe alizopiga simu kulalamika.

Baada ya kulipa miezi 7, alikwenda kwenye duka la kampuni mjini kueleza kwamba anataka kuhama. Binti wa dukani alimwamkia vizuri, akabonyeza kompyuta yake, akasema, "Mama, ukitaka kuondoka leo unadaiwa shilingi 175,000. Ni gharama ya kuvunja mkataba."

Mama akauliza, "Binti yangu, hizo zimetoka wapi?"

"Mfumo ndivyo unavyosema, mama."

"Na mfumo umezihesabuje?"

Binti hakuwa na jibu, wala si kosa lake, maana hakuwa yeye aliyepanga hesabu ile. Lakini mama yule alikuwa ameuliza swali la maana kuliko yote. Hakukubali kulipa wala hakukataa. Aliomba hesabu iandikwe kwenye karatasi. Ilipoandikwa ilionekana kwamba kampuni ilichukua shilingi 35,000 na kuzizidisha kwa miezi 5 iliyobaki. Hayo tu.

Hebu tuitazame hesabu hiyo pamoja. Katika miezi 5 iliyobaki, sehemu ya simu ni shilingi 100,000. Simu anayo mkononi, anaitumia, na ataendelea kuitumia. Hilo ni deni, tena deni la halali. Sehemu ya bando ni shilingi 75,000. Lakini bando la miezi hiyo 5 kampuni haitampa, kwa kuwa atakuwa ameondoka. Anatakiwa kulipia dakika ambazo hatapiga na intaneti ambayo hataitumia. Hiyo ni faini, na faini huulizwa maswali.

Deni na faini si kitu kimoja

Sisi Wakristo tumefundishwa kulipa madeni, na ni vema. Lakini kwa sababu hiyo hiyo wengi wetu huogopa. Mtu akituambia "unadaiwa," mioyo hushtuka, nasi hukimbilia ama kulipa bila kuuliza, ama kutupa laini na kujificha. Njia zote mbili si nzuri. Ya kwanza inapoteza fedha ya watoto. Ya pili inaharibu jina lako, na kama kweli kuna sehemu unayodaiwa, ni kudhulumu.

Deni ni malipo ya kitu ulichokwisha kupokea: simu uliyopewa, vocha uliyokopa, mkopo wa fedha uliochukua kwenye simu, dakika ulizokwisha kupiga. Hayo lipa, hata kama kampuni imekuudhi. Faini ni malipo ya kitu ambacho hukupokea, unayodaiwa kwa sababu tu umeondoka. Hapo una haki ya kuuliza: ninyi mmepata hasara gani?

Swali hilo si ukaidi. Limo katika sheria ya nchi yetu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 74, inazungumzia mkataba unaotaja kiasi cha kulipwa endapo upande mmoja utauvunja. Kwa maneno ya kawaida, sheria inasema kwamba aliyevunjiwa mkataba anastahili fidia ya kiasi cha haki, isiyozidi kile kiasi kilichotajwa. Angalieni neno hilo "isiyozidi." Kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba ni dari. Fidia haiwezi kupita hapo, lakini yaweza kuwa chini yake, hata chini sana. Sheria hiyo haimlazimishi aliyevunjiwa mkataba kuthibitisha kila senti ya hasara yake, lakini kiasi anachopewa lazima kiwe cha haki. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Umesaini, basi lipa yote bila neno," hajakueleza sheria yote.

Jambo hili limefika mahakamani katika nchi nyingine pia. Mwaka 2008 huko California, Marekani, jaji wa Kaunti ya Alameda aliamua kwamba ada ambayo kampuni ya Sprint iliwatoza wateja waliovunja mkataba mapema ilikuwa adhabu isiyo halali. Sababu mojawapo ni kwamba kampuni haikufanya juhudi ya kweli ya kukadiria hasara yake kabla ya kupanga kiwango kile. Uingereza nayo, tangu Julai 1, 2019, mteja hutuma ujumbe mfupi kuomba kuhama na namba yake, na kampuni anayoiacha inapaswa kumjibu kwa ujumbe vilevile, ikimwambia na gharama atakayotozwa kwa kuondoka mapema, kama ipo. Mteja huiona hesabu kabla ya kuamua. Swali la mama yule wa Masoko, basi, ndilo ambalo hata majaji na serikali za mbali wameona linafaa kuulizwa.

Wengi wetu hatuna mkataba wa namna hiyo

Kabla hatujaendelea, tuondoe hofu isiyo na sababu. Akina mama wengi hapa kwetu wanatumia laini za kulipia kabla: unaweka vocha au unanunua bando, ukimaliza basi. Laini ya namna hiyo haina mkataba wa miezi 12. Ukitaka kuiacha leo, iache. Mtu akikudai faini ya kuacha laini ya vocha, mwombe akuonyeshe mkataba uliosaini. Kama hakuna karatasi, hakuna faini.

Wanaoguswa na jambo hili ni wale waliochukua simu ya kulipa kidogo kidogo, wale wenye laini za kulipa mwisho wa mwezi, na wale waliofungiwa kifaa cha intaneti nyumbani, dukani, shuleni au katika ofisi ya kikundi kwa ahadi ya kukaa nacho muda fulani. Siku hizi hao wanaongezeka.

Tena wapo wanaoogopa kuhama kwa sababu ya namba. Namba ndiyo wanayoijua wateja wa maziwa, mwalimu wa mtoto na ndugu walioko mbali. Tangu Machi 1, 2017, Tanzania ina utaratibu wa kuhama mtandao bila kubadili namba ya simu, chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA. Jirani zetu wa Kenya walikuwa wameanza mwaka 2011. Unakwenda kwa kampuni unayoitaka, siyo ile unayoiacha, nao hukuelekeza taratibu. Namba inabaki yako.

Lakini angalieni sana: namba inahama, fedha haihami. Salio la vocha, bando na fedha iliyomo kwenye akaunti yako ya simu havikufuati. Toa fedha yote kwa wakala kwanza. Kama una akiba ya kikundi humo, itoe mbele ya mweka hazina, mwandikiane. Na kama ulikopa vocha au fedha, lipa kabla ya kuhama, usije ukasikia baadaye kwamba unadaiwa na riba juu.

Jina la nani limo kwenye laini?

Hili limewaliza akina mama wengi. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 1, 2019, na kuanzia Januari 20, 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zilianza kuzimwa. Katika haraka ile, wengine walisajili laini kwa kitambulisho cha mume, cha shemeji au cha mtoto, kwa kuwa wao wenyewe walikuwa hawajapata namba ya NIDA. Leo mama anatumia laini kila siku, lakini kwa macho ya kampuni mwenye laini ni mtu mwingine. Akitaka kuhama, au akitaka kupinga gharama, ataambiwa amlete mwenye laini.

Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama yako haimo, shughulikia jambo hilo kwanza, ukiwa na mwenye jina, mkiwa bado mnaelewana. Na wewe pia usikubali jina lako litumike kwa laini au mkataba wa mtu mwingine, hata kama ni rafiki wa kanisani. Kitabu cha Mithali, sura ya 22, kinatuonya juu ya kujifunga kwa madeni ya wengine, na onyo hilo halijazeeka.

Njia ya kupinga

Mnakumbuka utaratibu ambao Bwana wetu aliufundisha katika Mathayo sura ya 18, ndugu anapokukosea. Kwanza unamwendea mwenyewe. Asiposikia, unakwenda na mashahidi. Asiposikia tena, ndipo jambo linapelekwa mbele ya kusanyiko. Utaratibu wa kulalamika dhidi ya kampuni ya simu unafanana na huo sana, na anayeruka hatua hurudishwa nyuma.

Hatua ya kwanza ni kampuni yenyewe. Nenda dukani au piga huduma kwa wateja, lakini usiishie kwenye maneno. Omba namba ya lalamiko lako, andika tarehe na jina la aliyekuhudumia. Kisha andika barua, nakala mbili. Moja waachie, ya pili wagonge muhuri au wasaini kwamba wamepokea, ubaki nayo. Wakikataa kugonga muhuri, andika nyuma ya nakala siku na saa uliyoifikisha, na aliyekusindikiza asaini kama shahidi.

Hatua ya pili ni TCRA, kama kampuni haikujibu au jibu halikuridhishi. TCRA ina ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini pale Mbeya, kwa hiyo si lazima kufika Dar es Salaam. Watakuuliza kama ulianza kwa kampuni, ndiyo maana nakala yako yenye muhuri ni ya thamani. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, lililoanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2003 iliyoanzisha TCRA. Kazi yake ni kusema kwa niaba ya watumiaji na kuwaelimisha. Asiyeridhika na uamuzi wa TCRA anaweza kukata rufaa katika Baraza la Ushindani.

Kama kuandika ni kugumu, usione aya kuomba msaada. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa na serikali, na huwasaidia wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Uliza kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Na katika kila usharika hakosekani mwalimu au karani anayeweza kukaa nawe nusu saa na kalamu.

Barua yenyewe haihitaji maneno makubwa. Inaweza kuwa hivi:

"Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja. Yah: Kupinga gharama ya kuvunja mkataba, laini namba (andika namba yako). Mimi ni mteja wenu tangu tarehe (andika). Nimelipa miezi (andika), na risiti ninazo. Tarehe (andika) niliambiwa nilipe shilingi (andika) ili niondoke. Nakubali kwamba nadaiwa shilingi (andika) za simu niliyopokea, nami niko tayari kuzilipa. Sikubali shilingi (andika) zilizobaki, kwa kuwa ni za huduma ambayo sitaipokea. Pia nimelalamikia ubovu wa mtandao tarehe (andika) bila kupata ufumbuzi. Naomba mnionyeshe kwa maandishi hasara mliyoipata na jinsi mlivyoihesabu, pamoja na nakala ya mkataba wangu. Naomba jibu la maandishi. Wenu katika kujenga taifa," kisha jina, sahihi na tarehe.

Angalieni jinsi barua hiyo inavyoanza kwa kukubali kile kinachodaiwa kwa haki. Hapo ndipo penye nguvu yake. Anayekataa kila kitu huonekana mkwepaji. Anayekubali la kweli na kukataa lisilo la kweli husikilizwa.

Vitu vinne vya kuhifadhi

Kopo la biskuti au bahasha ya kaki yatosha. Weka humo, kwanza, nakala ya mkataba. Kama hukupewa siku ya kusaini, ni haki kuiomba. Pili, risiti na ujumbe wote wa malipo. Ujumbe wa simu hufutika, kwa hiyo nakili kwenye daftari namba ya muamala, tarehe na kiasi. Tatu, tarehe za ubovu wa mtandao na tarehe ulizolalamika. Nne, nakala za barua ulizopeleka na majibu uliyopata.

Mama yule wa Masoko alikuwa na vitu hivyo vyote, na daftari la maziwa lilikuwa shahidi mkubwa. Aliandika barua kwa msaada wa mwalimu mmoja, akaipeleka Tukuyu, akagongewa muhuri. Wiki ya kwanza kimya. Wiki ya pili alikwenda tena, akamkuta binti yule yule, akamsalimu kwa upole na kuuliza habari za barua yake. Wiki ya tatu vilevile. Wanawake wenzake wakamwambia aache, anapoteza nauli. Akawajibu kwamba nauli anaijua, na shilingi 75,000 anazijua pia.

Baada ya wiki 5 alipigiwa simu, kisha akapewa barua. Kampuni ilifuta zile shilingi 75,000 za bando. Ikakubali alipe shilingi 100,000 za simu kama ilivyokuwa, shilingi 20,000 kila mwezi, na simu ikafunguliwe ipokee laini nyingine atakapomaliza. Kwa miezi hiyo 5 alitumia kitochi cha zamani kwa laini ya mtandao unaoshika kwake, na ile simu janja akaitumia kwa mtandao wa zamani pale unaposhika. Alilipa kila mwezi bila kukosa, mpaka mwisho.

Hatusemi kwamba kila atakayeandika barua atapata hivyo. Mikataba hutofautiana, na zipo gharama za haki. Mathalani, kampuni imekuuzia simu kwa nusu ya bei kwa sharti kwamba utakaa mwaka mzima, nawe ukaondoka mwezi wa pili. Hapo hasara yao inaonekana, nawe ukiwa mwaminifu utaiona. Tunachosema ni kwamba uone hesabu kwanza, utenganishe deni na faini, kisha ulipe la haki na kuhoji lisilo la haki.

Kabla ya kusaini

Dawa nzuri ni ile ya kabla ya ugonjwa. Bwana Yesu katika Luka 14 alimtaja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye yampasa akae kwanza apige hesabu. Kaeni ninyi wawili, mume na mke, kabla ya mmoja wenu kusaini. Mkataba wa miezi 12 unaolipwa kutoka kwenye kapu la wote ni vema ujulikane na wote.

Mwulize wakala maswali haya: Jumla nitalipa shilingi ngapi mpaka mwisho? Kati ya hizo, za simu ni ngapi na za huduma ni ngapi? Nikitaka kuondoka katikati nitalipa nini? Mtandao usiposhika nyumbani kwangu itakuwaje? Simu itafunguliwa lini? Majibu yawe yameandikwa. Mkataba ukiwa kwa Kiingereza na hukielewi, omba wa Kiswahili, au usisaini siku hiyo. Nenda nao nyumbani usomewe. Wakala akikuambia ofa inaisha leo jioni, mwache iishe.

Na jambo moja la bure kabisa: azima laini ya jirani ya mtandao ule unaoutaka, kaa nayo nyumbani kwako siku tatu, jaribu asubuhi, mchana na usiku, na siku ya mvua kubwa. Kwetu Rungwe siku ya mvua haichelewi kupatikana.

Kuhusu moyo wetu

Katika Luka 18 tunasoma habari za mjane aliyemwendea kadhi asiyemcha Mungu mpaka akapewa haki yake. Mara nyingi tunahubiriwa habari hizo kama fundisho la kuomba bila kuchoka, na ndivyo lilivyo. Lakini tusisahau kwamba mwanamke yule alikuwa na shauri la kweli, dhidi ya mtu wa kweli, mbele ya ofisi ya kweli. Aliomba haki kwa kwenda na kurudi. Hatusomi kwamba alitukana.

Nasi tusitukane. Binti wa dukani ni mtoto wa mama mwingine, yuko kazini, naye hakuandika mkataba. Ukimfokea utarudi nyumbani ukiwa na deni lile lile na dhambi moja zaidi. Msalimu, kaa, toa daftari lako, uliza. Upole na msimamo vinaweza kukaa katika mwanamke mmoja.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Ni nani kati yetu mwenye mkataba wa simu au wa kifaa cha intaneti? Je, nakala anayo nyumbani?

2. Laini tunazotumia kupokea fedha za kikundi zimesajiliwa kwa jina la nani?

3. Kuna mwenzetu aliyelipa, au anayeogopa kulipa, gharama asiyoielewa? Nani kati yetu anaweza kumsindikiza wiki hii?

Tukutane tena mwezi ujao, Bwana akipenda.